Kiti Nilichomwekea Brigedia

Daftari ni la shule, lenye jalada la buluu. Nililinunua katika duka moja la mtaa wa Dengfeng lililobanwa kati ya wauza simu wawili. Ndani yake nimeandika kwa mkono wangu maisha ya mtu mmoja, tangu kuzaliwa kwake katika nyumba ya kitemi hadi siku alipokabidhi ofisi ya mkuu wa mkoa. Karibu na mwisho kuna ukurasa mtupu. Niliuacha mimi. Mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, kikombe cha chai mkononi, akisema, "Andika, Maalim," nami nikafunga kalamu.

Nina miaka sabini na mitatu, na Mola wangu hajaninyima kitu. Ni mtu wa Unguja. Nilisoma chuoni kwa babu yangu, kisha kwa masheikh waliokuwa wavumilivu kuliko yeye, na baadaye nikafundisha. Nilipofiwa na mke nilikuja huku Uchina, Guangzhou, kumtembelea mwanangu, ambaye ana ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu. Nilikuja na begi moja, na sasa ni mwaka wa kumi na moja. Watu wa kwetu wanaofanya biashara hapa huniita wanapofiwa na wanapogombana, mara nyingine wanapooana, nami huenda. Wanasema nina subira. Zamani nilikuwa nikifurahi kusikia hivyo.

Brigedia aliletwa hapa na binti yake, anayeuza nguo za watoto. Siku nzima binti huyo yuko Zhanxi, kwenye masoko ya nguo karibu na stesheni ya treni, akikwepa mikokoteni na kubishana bei. Baba yake alikuwa mgonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki alisafishwa damu hospitalini, na siku zilizobaki alikaa ghorofa ya tano peke yake, akitazama dirishani nguo za majirani zikikauka.

"Maalim, nakuomba unikalie na baba," binti aliniambia. "Amezoea kuwa na watu. Hapa hana hata wa kumfokea."

"Ni mkali?"

"Siku hizi hafoki kabisa. Ndiyo maana naogopa."

Nilimkuta amevaa koti, kofia na viatu vilivyong'arishwa, naye yumo ndani ya nyumba. Blanketi lake lilikuwa limekunjwa pembe nne kama la kambini. Hakuinuka. Alininyooshea mkono, akauacha chini kidogo kuliko kawaida, ili anayeupokea ainame. Mungu anisamehe, niliinama.

Tulizoeana. Alinikubali kwa sababu sikuharakisha, nami nilimpenda kwa sababu alikuwa na adabu ya watu wa zamani, ile ya kumsikiliza mtu mpaka amalize. Juma la pili aliniambia, "Wewe una mwandiko. Niandikie maisha yangu. Wajukuu zangu wanajua kwamba nilikuwa mkubwa, lakini hawajui nilikuwa mkubwa wa nini." Ndipo nikaenda kununua daftari.

Mengi ya aliyonisimulia yamo humo na hayadai maelezo. Mpaka anafikisha miaka saba hakuwahi kuketi chini. Palikuwa na mtu wa kumbeba na mtu wa kumtandikia. Watu walipoingia kwa baba yake walipiga magoti mlangoni na kupiga makofi mara mbili, ndipo wakaitwa. Baba yake hakwenda kwa mtu yeyote bila kutanguliza mjumbe. Mjumbe ndiye aliyebisha hodi na kueleza shida, na kama jambo lenyewe lilikuwa na aibu ndani yake, aibu hiyo aliibeba mjumbe. Mtemi alifika baadaye, mambo yakiwa yamekwisha kulainika.

Utemi ulipofutwa, alikuja kijana wa serikali kuchukua kiti cha enzi. Akakitilia saini kwenye karatasi, akakifunga kwa kamba kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Brigedia alikuwa kijana wa shule, amesimama ubavuni mwa baba yake. Walikitazama kiti kikienda kikitikisika mpaka njia ilipopinda. "Baba hakusema lolote siku ile," aliniambia. "Kesho yake akaniita, akasema niende jeshini. Huko watu bado wanasimama mtu akipita."

Akaenda, na watu wakasimama. Alipigana vita vya mpakani, na habari zake alizifupisha. Nilitaraji mizinga, yeye akanisimulia habari za viatu vilivyolowa na vijana waliooza miguu. Alipotoka huko na nyota begani, akapewa mkoa.

Sitaki msomaji adhani tulikaa kwa huzuni tu. Siku moja binti alitupeleka Zhanxi ili baba yake anyooshe miguu. Brigedia aliona soksi akazipenda, akamuuliza mwenye duka bei kwa kuonyesha kidole. Yule mama akaandika tarakimu kwenye mashine yake ya hesabu. Brigedia akatoa pesa, akalipa. Mwenye duka akabaki ameduwaa. Aliitazama ile mashine, akamtazama yeye, kisha akaongeza jozi mbili bila kuombwa.

"Baba!" binti akapiga kelele. "Hapa hulipi hivyo! Ile ni bei ya kuanzia!"

"Nimeambiwa bei, nimelipa."

"Unacheka naye, unaondoka, anakuita, unarudi. Ndivyo ilivyo!"

"Niondoke ili niitwe? Mimi?" Akamgeukia mwenye duka, akamwinamia kichwa kidogo, kama anayepokea saluti. "Mtu mzima hawezi kubishana na mama wa watu kwa ajili ya soksi."

Yule mama hakuelewa hata neno, lakini tangu siku hiyo kila alipomwona binti aliuliza kwa ishara habari za mzee mrefu mwenye kofia.

Sasa nifike kwenye kiti.

Ijumaa tunaswali katika msikiti wenye bustani na miti mikubwa. Watu hujaa mpaka nje, wanatandika mikeka njiani. Magoti ya Brigedia hayakukunjika, kwa hiyo alihitaji kiti. Wenye viti kwa kawaida hukaa pembeni au nyuma, wasiwazuie wengine. Mimi nilikuwa nikifika mapema na kiti cha plastiki, nakiweka safu ya mbele kabisa, mwisho wa safu, nalinda nafasi mpaka aje. Hakuna aliyenituma. Baada ya swala watu wa kwetu walimzunguka kumpa mkono, nami nikasimama ubavuni mwake nikiwatambulisha. Wafanyabiashara waliokuwa na maneno baina yao walianza kumwomba awasikilize. Tulikuwa na mkubwa wetu. Nami nilikuwa mtu wa mkubwa. Nimekwisha kuzeeka, sioni sababu ya kuficha kwamba nilikuwa nikiipenda hali hiyo.

Jambo lenyewe lilitoka siku ya Jumanne, saa kumi jioni. Nilikuwa nimeandika habari za ukuu wa mkoa, shule alizojenga na vyoo alivyolazimisha vichimbwe. Kisha akasema, "Kulikuwa na barabara."

Nikaandika tarehe pembeni, nikangoja.

"Wakubwa walikuwa wanakuja kuifungua. Mvua zikaanza hatujamaliza. Nikatoa amri kila mwanamume wa vijiji vya kando atoke na jembe lake, na asiyetoka awekwe ndani siku saba. Mtu mmoja hakutoka. Alisema mtoto wake mgonjwa. Nikasema nani hana mtoto? Akawekwa ndani, na jembe lake likachukuliwa. Siku ya tatu mtoto akafa. Wazee wakaja kuniomba nimtoe akazike. Nikawaambia, nikimtoa huyu, kesho kijiji kizima kitakuwa na msiba." Akanywa chai. "Nilisema hivyo, Maalim. Kwa maneno hayohayo. Wakamzika mtoto, baba yake yuko ndani. Jumamosi tukafungua barabara, na mimi nikasifiwa."

Sikuandika. Nilikuwa nimeishika kalamu tu.

"Siku aliyotoka alikuja ofisini kwangu. Nikadhani amekuja kunitukana, nikaita askari. Kumbe alikuja kudai jembe lake. Alisimama mlangoni akasema, nataka jembe langu. Hakusema jingine. Ana baka jeupe pembeni mwa mdomo, kama mtu aliyekunywa maziwa akasahau kujipangusa. Nilikuwa nikilitazama lile baka, kwa sababu machoni sikuweza."

Nilijua kabla hajamaliza. Mtu mwenye baka hilo nilikuwa nikimwona kila wiki. Alikuwa mfunga mizigo katika stoo moja ya chini pale Tianxiu, mtu wa bara, wa umri wa karibu miaka sitini, hodari wa utani. Marobota ya mwanangu mengi yamepita mikononi mwake.

"Yuko hapa," Brigedia akasema. "Anaswali nyuma yetu. Nilimwona Ijumaa ya kwanza, nikageuka mbele. Sasa nataka uende kwake. Umwambie ni mimi, na kwamba naomba kuja kumtaka radhi. Halafu nitakuja. Na hapo kwenye daftari andika kama nilivyosema."

Ndipo nikafunga kalamu.

"Brigedia," nikasema, "jambo ambalo Mungu amelisitiri miaka thelathini, mja asilifunue. Tubu kwa Mola wako. Mtolee sadaka yule mtoto. Ukurasa huu tuuache."

Akanitazama. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema.

Ni kweli nimesoma, na kwa hiyo sina udhuru. Kuna dhambi iliyo kati ya mtu na Mungu wake. Hiyo husitiriwa, na kuitangaza ni kosa jingine. Na kuna haki ya mja. Hiyo haifutwi kwa machozi ya juu ya mswala wala kwa sadaka, mpaka mwenye haki mwenyewe aulizwe. Jambo hili nilifundishwa nikiwa sijaota ndevu, na nimelifundisha mara zisizohesabika, kwa utulivu, watu wakitikisa vichwa. Siku lilipokuja kwangu likiwa na baka pembeni mwa mdomo, nilichukua hukumu ya dhambi ya kwanza nikaipachika kwenye ya pili. Sikukosea kwa kutojua. Niliogopa. Niliwaza, yule mtu akiwaka itakuwaje? Akimpigia kelele msikitini? Polisi wakija? Binti atauzia nani nguo? Na chini ya hayo yote, chini kabisa, niliwaza kile kiti cha mbele kitakuwa kitupu.

Brigedia hakukubali kunyamaza. Baada ya siku chache aliuliza, "Umekwenda?" Nikamwambia nangoja wakati mzuri. Akauliza tena. Nikasema Ramadhani inakaribia, mioyo italainika. Ramadhani ikaja ikapita. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu niliipa jina la subira. Yeye alikuwa mtoto wa nyumba isiyobisha hodi kwa mtu bila mjumbe. Alinichagua mimi niwe mjumbe, na hakujua njia nyingine.

Safari moja nilikwenda. Nilishuka kwenye ile stoo nimejiandaa, nimeyapanga maneno. Mfunga mizigo alikuwa amepiga goti juu ya robota, anavuta utepe wa gundi kwa meno.

"Maalim!" akasema. "Umeshuka kwa ngazi? Lifti imezikataa ndevu zako?"

"Ndevu zangu ni nyepesi kuliko ulimi wako."

Mwenye stoo, mama wa Kichina aliyekuwa akiandika namba kwenye maboksi, akamfokea kitu. Mfunga mizigo akacheka. "Laoban, bosi wangu huyu, anasema kama hukuja kubeba, usimame pembeni, usije ukafungwa ukasafirishwa Dar."

Nikasimama pembeni. Akamalizia robota, akalipiga kofi, akanigeukia. "Haya, umekuja kwa jambo gani?"

"Kukujulia hali."

"Hali njema, tunashukuru." Akachukua robota jingine. Bila kunitazama akauliza, "Na yule mzee wako wa kiti? Hali yake?"

"Anaendelea, alhamdulillahi."

"Haya," akasema.

Aliniachia nafasi hapo, pana kiasi cha kupitisha mkokoteni. Nami nikazungumza habari za joto. Nikarudi kwa Brigedia nikamwambia jambo lake nalishughulikia.

Alhamisi moja kabla ya adhuhuri nilikuwa natoka ofisini kwa mwanangu. Nilipofika mlangoni mwa Tianxiu nilimwona Brigedia kwenye ngazi za nje, ameshika chuma cha ngazi, anahema. Alikuwa peke yake. Mkono wa pili alibeba mfuko wa plastiki wenye pakiti ya tende. Kwa muda wote niliomjua sikuwahi kumwona amebeba kitu. Hata dawa zake zilibebwa na binti. Watu waliokuwa wakiingia na kutoka na marobota mabegani walimpita huku na huku.

"Nimekuja bila mjumbe," akasema. "Yupo?"

Nikageuka nikatazama ndani. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Siku hiyo kontena lilikuwa linapakiwa, na palikuwa na vijana wengi wa kwetu, wengine niliwajua kwa vinywa vyao.

"Yupo," nikasema, "lakini si leo, Brigedia. Watu ni wengi mno. Jambo la heshima kama hili halifanywi mbele ya wapagazi. Ipite Ijumaa, nitakupangia mahali pa faragha."

Alinitazama kwa muda. Jasho lilikuwa likimtiririka chini ya kofia.

"Ni amri, Maalim?"

"Ni ushauri tu."

"Mimi nimezoea amri," akasema, na midomo yake ikataka kutabasamu. "Sawa."

Akanikabidhi tende. Nikamshika mkono, tukarudi polepole kupitia Dengfeng, katikati ya wauza simu na wabadilisha fedha waliompisha na kumwamkia. Njiani alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache. Nilidhani ni uchovu.

Alfajiri ya Ijumaa alipelekwa hospitali, mapafu yamejaa maji ambayo figo zilishindwa kuyatoa. Jumamosi kabla ya adhuhuri alifariki. Binti alikuwa ameshika mguu wake. Nilimwosha mimi. Nilimwinua mikono iliyokuwa imezoea kuinamiwa, nikaiosha mmoja baada ya mwingine, na nilishukuru kwamba maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao, tulimswalia hapa. Walikuja watu wengi. Kama ilivyo desturi yetu nilisimama mbele ya safu nikauliza, "Maiti huyu mnamshuhudia vipi?" Wakajibu kwa pamoja, "Mtu mwema." Nikasema, "Mwenye haki yoyote kwa marehemu, na amwendee binti yake, au aje kwangu." Maneno haya nimeyasema juu ya maiti wengi, na mara zote nikitazama chini. Siku hiyo sijui kwa nini niliinua macho. Mfunga mizigo alikuwa safu ya tatu, bado ana vumbi la maboksi shingoni. Watu walipojibu mtu mwema, mdomo wenye baka haukutikisika. Alikuwa ananitazama mimi.

Hakwenda kwa binti, wala hakuja kwangu.

Siku arobaini zikapita. Binti alirudi kutoka mazishini, akaniomba lile daftari alichapishe kwa ajili ya watoto. Tulikaa mezani pale pale alipokuwa akikaa baba yake. Akalifungua, akasoma hapa na pale, akacheka alipofika kwenye baiskeli na kiti cha enzi, kisha akalia kidogo. Akafika karibu na mwisho.

"Maalim, hapa umeruka?"

"Niliacha."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu la subira tayari. Ningesema baba yako alichoka siku hiyo. Nikamwangalia mtoto huyu aliyekuwa akishinda sokoni ili baba yake asafishwe damu, nikaona kwamba nikimdanganya yeye pia, sitakuwa na dini iliyobaki ya kumfundisha mtu.

"Ukurasa huu una mwenyewe," nikamwambia. "Niache kwanza niende nikamuulize."

Nikaenda nyumbani nikachukua zile tende. Zilikuwa bado kwenye rafu, ndani ya mfuko wake, sikuwa nimethubutu kuzifungua. Nikashuka Tianxiu. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mama mwenye stoo ametoka. Mfunga mizigo alikuwa peke yake. Hakunitania.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Barabara, amri, wazee waliorudishwa, jembe. Nikamweleza kwamba Brigedia alinituma, si mara moja, na kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Maneno yalitoka vibaya, yamevurugika, tofauti na nilivyokuwa nimeyapanga siku ile.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unadhani sikumjua?"

Nikauhamishia mfuko wa tende mkono wa pili.

"Nilimjua Ijumaa ya kwanza. Akageuka mbele. Nikasema sawa, leo amestuka, Ijumaa ijayo ataniangalia. Ijumaa ijayo ukamwekea kiti. Na ijayo. Mwaka mzima, Maalim, mimi naona kisogo cha yule mzee. Nikisema nimfuate baada ya swala, wewe umesimama hapo kama askari wa getini."

"Sikujua kwamba umemtambua."

"Hukuuliza." Akaokota kisu cha kukatia, akakiweka tena. "Na ile Alhamisi nilimwona mlangoni. Nilikuwa hapa hapa. Nikaacha kazi nikasimama wima. Nikasema, haya, anakuja. Ukamgeuza."

Nilitaka kukaa, lakini hapakuwa na mahali.

"Ungemsamehe?" nikauliza. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka angalau hilo nimpelekee binti.

"Sijui," akasema. "Huo ndio ukweli. Pengine ningemsamehe, pengine ningempiga na hili robota. Nilikuwa nangoja nimwone usoni ndipo nijue. Lilikuwa jambo langu na lake. Wewe ukalitia mfukoni mwako, ukatembea nalo." Sauti yake ikawa ndogo. "Alikuwa wa kike. Miaka minne. Nilikuwa nimepanga, akija, nimwache aseme yote. Halafu nione kama ataniuliza jina la mtoto. Basi."

"Anaitwa nani?" nikauliza. Maneno yalinitoka kabla sijayazuia.

Akatikisa kichwa. "Wewe hukunifunga, Maalim."

Nikamwomba radhi kwa lililo langu. Nilimwomba kama wanavyoomba watu wote, bila Kiarabu. Akasema, "Lako nimelisamehe. Umechelewa, lakini umekuja mwenyewe." Nilishukuru. Ninashukuru mpaka leo, ingawa shukrani hiyo hainipi usingizi mzuri, kwa maana mimi nimepata kwa dakika chache kitu ambacho mwenzangu alikiomba karibu mwaka mzima kupitia kwangu.

Nikamwambia habari za daftari. Nikauliza kama niandike.

"Andika," akasema. "Barabara iandike, na jembe. Lakini usimwandikie binti kwamba nilimsamehe baba yake. Na usiandike kwamba sikumsamehe. Andika kwamba alikuja mpaka mlangoni."

Nikampa mfuko wa tende. Akautazama bila kuupokea.

"Ni zake?"

"Zake. Alikuwa nazo siku ile."

"Alizibeba mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akauchukua, akaupima mkononi kama anayepima uzito wa mzigo, akauweka juu ya dirisha. Hakuufungua. Mama mwenye stoo akarudi, akatukuta tumesimama, akapiga makofi kuhimiza kazi. Mfunga mizigo akainamia robota lililokuwa limebaki wazi, akabana pembe zake mbili kwa goti.

"Shika hapa, Maalim," akasema. "Kaza. Usiachie mpaka nizungushe."

Nikapiga magoti sakafuni, nikashika.